Mama Mashuka, Mwanamke Aliyejifunza Kuaminiwa

Ndugu na jamaa, majirani, wafanyakazi wenzake wa zamani na wa sasa, na nyote mliokuja kumsindikiza: maisha ya marehemu yameandikwa na watoto wake wanne wakiwa wameketi meza moja, na yanasomwa na kitinda mimba wake. Yapo mambo ambayo kwa kawaida huachwa kwenye maneno ya namna hii. Hapa hayakuachwa, kwa sababu mwenyewe aliagiza. Wiki tatu kabla hajafariki aliwaambia wanawe, "Msije mkanipamba mpaka walionijua wakainuka wakaenda zao. Semeni na lile la sindano." Basi na la sindano litasemwa.

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1956, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, nyumba ya mwisho kabla ya kivuko. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya sita. Baba yake alikuwa mlinzi wa kivuko: treni ikikaribia anashusha kizuizi, ikishapita anakiinua. Mama yake alikuwa mshonaji. Nyumba ile ilikwenda kwa saa ya ukutani, maana dakika mbili za uzembe wa baba zingeweza kuua watu. Wadogo zake walikuwa wakisimulia kwamba marehemu ndiye aliyepewa kazi ya kuwakagua kucha na masikio kabla hawajaenda shule, naye aliifanya kwa bidii hata mama yao akalazimika kumwambia, "Wewe mtoto, hayo masikio yana mwenyewe, usiyang'oe." Kwa hiyo ukali wake hakuuokota ukubwani.

Alianza shule ya msingi Januari 1963 na kumaliza mwaka 1970. Sekondari alisoma kuanzia 1971 hadi 1974, akang'ara katika hesabu na sayansi kimu. Ndoto yake ilikuwa uuguzi. Mwezi Mei 1975 aliitwa kwenye usaili katika hospitali kuu, akajibu maswali yote vizuri, kisha wasaili wakawapitisha waombaji kwenye chumba cha kufungia vidonda ili wayaone mazingira ya kazi. Marehemu aliona damu akaanguka chini kama gunia. Alipozinduka aliwakuta wakimpepea kwa karatasi zake mwenyewe za mtihani. Sista mmoja aliyemhurumia akamwambia, "Binti, kazi ya hospitali si damu peke yake. Chini kule kwenye idara ya kufulia wanatafuta mtu." Kitu ambacho sista hakumwambia ni kwamba damu yote ya juu huishia chini. Marehemu alianza kazi ya kufua Jumatatu, tarehe 2 Juni 1975, na siku za mwanzo alifua huku amefumba macho. Baadaye aliizoea damu, akaipenda kazi, na kwa karibu miaka arobaini na moja hakuiacha.

Huko huko ndiko alikompata mwenzi wake. Mwaka 1977 bomba moja lilipasuka nyuma ya mashine ya pili, akaletwa fundi bomba wa hospitali, kijana mpole mwenye kalamu sikioni. Kazi ya saa moja ilimchukua siku tatu. Siku ya nne alirudi kuhakikisha kama bomba bado halivuji. Siku ya tano marehemu akamwuliza, "Fundi, hili bomba ulilitengeneza au uliliposa?" Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 12 Agosti 1978, wakahamia nyumba ya vyumba vitatu katika mtaa wa nyuma ya hospitali, mahali ambapo king'ora cha kubadilisha zamu kilisikika hadi jikoni. Mungu aliwajalia watoto wanne, wavulana wawili na wasichana wawili.

Tarehe 1 Septemba 1988 marehemu alipandishwa cheo kuwa msimamizi wa idara nzima ya kufulia. Walikuwa watu thelathini na mmoja.

Wasiokijua chumba kile waelewe kilivyo. Ni kumbi mbili zilizotenganishwa na ukuta mmoja wenye mlango. Ukumbi wa kwanza ni upande mchafu. Magunia ya nguo za wodini na za chumba cha upasuaji hufika huko kwa toroli, humwagwa mezani, watu wakachambua kwa mikono kabla hazijaingia mashineni. Ukumbi wa pili ni upande safi: kukausha, kupiga pasi, kukunja. Sheria ya usafi inakataza wa upande mchafu kuvuka mlango bila kunawa na kubadilisha nguo, na ni sheria nzuri. Lakini kadiri miaka ilivyopita, kilichokuwa usafi wa mikono kikageuka kuwa dharau ya watu. Wa upande safi waliwaita wenzao "kule." "Kule wametuletea tena mashuka yenye madoa." Wa upande mchafu nao waliwaita wale "mabibi harusi," kwa vile hawakutaka kuchafuka. Watu walifanya kazi miaka sita chini ya paa moja, mmoja hajui mwenzake anaitwa nani.

Marehemu alilijua hilo na hakulijali. Yeye alijali kazi. Aliyechelewa aliandika barua ya kujieleza kwenye fomu ya idara. Aliyechana shuka aliandika barua. Hata aliyeripoti shuka lililochanwa na mwingine naye aliandika barua, kueleza alikuwa wapi lilipochanika. Barua zilijaa droo nzima ya meza yake. Mbele yake walimwita Bosi, nyuma yake walimwita Afande. Na kwenye karatasi idara ilinyooka: taarifa za uharibifu zilipungua mwezi hadi mwezi, uongozi ukamsifu, naye akaamini kwamba makosa yamekwisha. Kumbe makosa yalikuwepo yote, ila watu walikuwa wamejifunza kuyaficha.

Sasa la sindano. Katika upande mchafu alikuwepo mchambuaji mmoja, mwanamke wa miaka ishirini na saba, ambaye wenzake walimwita Kimya. Yupo hapa leo, na ameruhusu yasemwe. Mwezi Februari 1991, akichambua mashuka ya chumba cha upasuaji, alichomwa kidoleni na sindano iliyosahaulika ndani ya mkunjo. Angesema saa ile ile, madaktari walikuwa ghorofa mbili tu juu yake na walikuwa na la kufanya. Hakusema. Alikamua kidole, akakiosha kwa sabuni, akakifunga kitambaa ndani ya glavu, akaendelea kuchambua. Mwishoni mwa Aprili macho yake yakawa ya njano. Alilazwa wodi namba tatu akiwa na ugonjwa wa ini, na siku mbili za kwanza hakuna aliyekuwa na hakika kama atatoka.

Marehemu alipanda wodini siku ya tatu, na hakuwa amekwenda kumjulia hali. Alikwenda na fomu ya ajali kazini ajaze maelezo.

"Ulichomwa lini?"

"Februari."

"Februari! Na hii Aprili inaisha. Mbona hukuniambia?"

Kimya alijiinua kidogo kwenye mto.

"Bosi, nikwambie ukweli?"

"Niambie."

"Nilikuogopa wewe kuliko ile sindano."

Marehemu alisema baadaye, na alilirudia mara nyingi maishani, kwamba hakuwahi kupigwa kofi zito namna ile, na wala Kimya hakuinua mkono. Aliikunja fomu bila kuandika kitu, akashuka ngazi, akapita mlango wa idara yake bila kuingia.

Jioni ile alirudi nyumbani mapema. Mumewe alikuwa anakunywa chai. Marehemu aliketi mbele yake akamwuliza, "Baba, eti humu ndani watoto wananiogopa?" Fundi bomba, mtu ambaye hakuwahi kusema neno bila kulipima, alikizungusha kikombe chake, akajibu, "Wenyewe wapo. Waulize."

Akawaita wote wanne, wakapanga mstari kwa umri. Kifungua mimba alikuwa na miaka kumi na miwili. "Mnaniogopa?" Wakatazamana. Kifungua mimba akasema, "Kidogo." Mama yao akasema, "Basi leo hakuna kosa. Kama kuna mtu ameficha kitu, akilete nikione, na sitasema neno." Kisha kifungua mimba akaingia chumbani, akatoka na shati la shule lililochanika mgongo mzima, ambalo mama alikuwa amelitafuta tangu mwezi uliopita. Wa pili akaleta vikombe viwili vilivyovunjika, vimefungwa kwenye gazeti. Wa tatu akaleta saa ya baba, haina kioo. Kitinda mimba, mwenye miaka minne, naye hakutaka kupitwa: aliingia chini ya kitanda akatoka na kipande cha sabuni chenye alama za meno. Baba yao aliitazama saa yake, akatazama ile sabuni, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Mama yao naye alitokwa na machozi, ila hakuwa anacheka. Aliwakumbatia wote wanne, na ahadi yake akaitimiza. Hakusema neno.

Kesho yake asubuhi aliwakusanya wafanyakazi wa pande zote mbili, akasimama penye mlango wa katikati, akawaeleza aliyoambiwa wodini, neno kwa neno. Akasema, "Kimya yuko kitandani kwa sababu yangu. Naomba radhi." Watu waliinamia viatu vyao. Hatimaye mpiga pasi mkongwe, ambaye wote walimwita Mzee wa Pasi, alikohoa akasema, "Samahani tumeisikia, Bosi. Sasa tunangoja kuiona."

Marehemu hakukasirika, maana aliona mzee ana haki. Alifungua droo yake, akaanza kumrudishia kila mtu barua zake. Mzee wa Pasi alipokea kumi na moja. Akazipekua, akasema, "Zote hizi zangu? Kumbe mimi mwandishi." Watu wakacheka chini chini. Lakini marehemu aliona kwamba zote kumi na moja ni za kuchelewa, na kwamba katika miaka miwili na zaidi hakuwahi kumwuliza jambo moja dogo. Alimwuliza siku ile, wakiwa wawili, kando ya mashine ya pasi.

"Mzee wangu, asubuhi huwa unafanya nini kabla hujaja?"

"Namwogesha mke wangu na kumlisha. Amepooza upande mmoja. Huu mwaka wa nne."

"Jamani! Mbona hukuandika?"

"Fomu yako ilikuwa na sehemu ya sababu, Bosi. Mstari mmoja. Hayakutosha."

Alimbadilishia zamu ianze saa moja baadaye. Mwingine aliyekuwa anapenda kuwahi kutoka akabadilishana naye kwa furaha, na Mzee wa Pasi hakuchelewa tena mpaka alipostaafu. Jambo lililosumbua watu miaka miwili lilimalizwa na swali moja. Marehemu alikuwa akisema hilo lilimtia aibu kuliko barua zote.

Wapo wanaodhani siku ile ndipo mambo yaliponyooka. Hayakunyooka. Kimya alipotoka hospitali mwezi Mei na kupumzika nyumbani kwao, marehemu alikwenda kumwona Jumamosi ya kwanza. Mama yake Kimya alifungua mlango, akamtazama, akasema, "Wewe ndiye yule? Umekuja kummaliza?" Akafunga. Marehemu aliketi kizingitini nusu saa, akaondoka. Jumamosi ya pili alirudi, mlango haukufunguliwa. Ya tatu aliletewa kiti nje, bila maneno. Ya nne mama yule alisema, "Ingia basi, majirani watasema nina moyo wa jiwe." Akaingia, akaketi na Kimya, na kwa mara ya kwanza waliongea mambo yasiyohusu kazi. Alijifunza kwamba Kimya hakuwa mkimya hata kidogo. Alikuwa mcheshi, anaigiza sauti za watu, na sauti ya Afande aliiigiza vizuri kuliko zote. Marehemu alimwomba aiigize. Aliposikia, aliinamisha kichwa akasema, "Ndivyo nilivyo?" Kimya akasema, "Hapo nimekupunguzia."

Kazini nako alianza kufanya kitu kipya. Kila Jumatatu alivaa aproni na glavu nene akasimama mezani upande mchafu, akachambua magunia pamoja na wengine tangu asubuhi hadi saa nane. Jumatatu ya kwanza na ya pili hakuna aliyemsemesha. Ya tatu, mama mmoja alishindwa kuvumilia. "Bosi, gunia halikumbatiwi kama mtoto. Lishike mbali na mwili. Likikuchoma, tutamwandikia nani barua?" Meza nzima ikaangua kicheko, na marehemu akacheka nao, akalishika gunia kama alivyoelekezwa. Kuanzia siku hiyo walimfundisha kazi ambayo alidhani anaisimamia.

Kisha akakosea. Mwezi Agosti mwaka huo huo, akiwa na haraka, alimimina dawa ya kung'arisha nguo nyeupe kwenye mashine iliyojaa magauni ya kijani ya chumba cha upasuaji. Yalitoka arobaini, yote yana mabaka kama ramani. Aliyeona ni mwendesha mashine peke yake, naye alikuwa tayari kunyamaza. Marehemu alichukua daftari jipya, akaandika ukurasa wa kwanza kwa mkono wake, akaenda kusimama pale mlangoni ili pande zote zimsikie, akasoma: "Leo mimi msimamizi nimeharibu magauni arobaini. Sikusoma kibandiko cha dawa. Nilikuwa na haraka na sikutaka kuuliza." Halafu akapanda kwa wakubwa kuyasema hayo hayo. Alirudi na barua ya onyo yenye jina lake, akaigandisha ukutani, na chini yake akaliacha daftari na kalamu ili yeyote aandike. Mzee wa Pasi alivaa miwani, akaisoma yote hadi sahihi, akamgeukia. "Sasa nimeiona," alisema.

Siku mbili baadaye palikuwa na mwandiko mwingine kwenye daftari: "Nimekuta mkasi mdogo ndani ya mashuka ya upasuaji. Sikuumia." Mwezi ulipokwisha vilikuwa vimeandikwa vyuma kumi na vitatu: mikasi, sindano na vyembe. Kabla ya hapo taarifa za idara zilikuwa zikisema sifuri.

Akiwa na daftari lile marehemu alikwenda kwa sista mkuu wa chumba cha upasuaji. Sista hakupendezwa. "Wauguzi wangu hawaachi vyuma kwenye nguo," alisema. Marehemu wa zamani angebisha mpaka kuta zitikisike. Safari hii alisema, "Dada, sijaja kukushitaki. Nakuomba saa moja tu uje ukae na sisi." Sista alikataa. Marehemu alirudi wiki iliyofuata na ombi lile lile, na iliyofuata tena. Mwishowe sista alikuja Alhamisi moja ya Septemba, na glavu zake mwenyewe mfukoni, akasimama mezani. Kimya alikuwa amerudi kazini wiki ile, akasimama karibu yake akimwonyesha namna ya kufungua mikunjo. Hata nusu saa haijatimia, sista alihisi kitu kigumu. Akakitoa taratibu, akakiinua kwenye mwanga: sindano ya kushonea majeraha, iliyopinda.

Sista alisema, "Hii ni ya asubuhi ya leo. Nilikuwepo mimi mwenyewe."

Hakuna aliyemcheka wala aliyemwambia "si tulikwambia." Kimya alivua glavu, akamwonyesha kovu dogo kama punje kwenye kidole, akamvutia benchi. Sista aliketi hapo akanywa chai katika chumba cha kufulia, pengine muuguzi wa kwanza kufanya hivyo tangu hospitali ijengwe. Wiki iliyofuata aliwaleta wauguzi wake wawili wawili. Naye akawaalika wachambuaji wapande juu, wakaona nyuma ya kioo jinsi kazi ya upasuaji inavyokwenda mbio na jinsi chuma kinavyoweza kupotea. Wakakubaliana kwamba shuka halifungwi kabla vyuma havijahesabiwa na watu wawili. Utaratibu huo upo hadi leo.

Katika kumbi zile mbili pia palibadilika. Watu walianza kubadilishana nafasi, mwezi huku, mwezi kule, kwa kunawa na kubadilisha nguo kama sheria inavyotaka. Kila asubuhi walikaa dakika kumi pamoja kabla ya kazi, na marehemu alianza kwa kumwuliza mtu mmoja, "Kwenu hawajambo?" kisha akanyamaza mpaka jibu liishe. Wengine mwanzoni walijibu "hawajambo" wakafunga mdomo, naye akaliacha hivyo hivyo, maana moyo wa mtu haufunguliwi kwa bisibisi. Jina la Afande lilikufa polepole. Siku moja, hakuna anayekumbuka ni lini, mtu alimwita Mama Mashuka, likamganda.

Si wote waliomsamehe. Mkunjaji mmoja aliomba uhamisho mwaka ule ule na hakuwahi kumsemesha tena. Marehemu alimwandikia mara mbili, hakujibiwa. Alisema, "Ana haki yake," na alitaka hilo nalo lisomwe leo.

Alistaafu tarehe 14 Machi 2016, siku aliyotimiza miaka sitini. Aliyeshika nafasi yake ni Kimya. Katika miaka ishirini na mitano ya mwisho ya marehemu kazini, waliochomwa na vyuma walikuwa wachache, na kila mmoja wao alifika kwa daktari ndani ya saa ile ile.

Mume wake mpenzi alitangulia mbele ya haki mwaka 2011. Baada ya kustaafu marehemu aliishi katika nyumba yao ile ile, akilea wajukuu na kuwaambia majirani habari za mumewe kana kwamba ametoka kidogo tu kununua vifaa.

Mwezi Oktoba 2021 alianza kuchoka na kuvimba miguu, madaktari wakagundua kwamba moyo wake unadhoofika. Alitibiwa kwa miaka mitatu na nusu, mara hospitali, mara nyumbani. Kuanzia Aprili mwaka huu wa 2025 hakuweza tena kutoka kitandani, na watoto wake wakapanga zamu za kumuuguza.

Zamu zile zilikaribia kuwafarakanisha. Mmoja hakufika siku yake, mwingine akafika amechelewa na amenuna, wakaanza kusemana kwenye korido kwa sauti za chini. Marehemu alisikia. Mchana wa Jumapili moja aliwaita wote wanne waketi kando ya kitanda.

"Kila mtu aniambie asichokiweza," alisema. "Mnachokiweza nakiona."

Kifungua mimba, mwanamume wa miaka arobaini na sita, akasema hawezi kumwona mama akichomwa sindano, na ndiyo maana hukimbilia uani muuguzi akija. Wa pili akasema amekwisha maliza likizo zote na anaogopa kufukuzwa kazi. Wa tatu akasema hajui kupika uji usio na mabonge, na amekuwa akimwaga na kununua. Kitinda mimba akasema hawezi kulala, na anapokuja asubuhi huwa amelia njia nzima. Hakuna aliyekuwa anayajua ya mwenzake. Wakapanga zamu upya, wakazipanga kwa yale waliyoyasikia.

Ndipo marehemu akasema, kwa sauti ndogo ambayo watoto wake hawakuwa wameizoea, "Na mimi nina langu. Naogopa kuwa peke yangu humu chumbani. Mmoja wenu awepo."

Kuanzia siku ile alikuwepo mmoja, saa zote.

Marehemu alifariki dunia Ijumaa, tarehe 6 Juni 2025, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka sitini na tisa. Mwanawe wa tatu alikuwa ameketi karibu yake akimsomea gazeti. Aliona pumzi zinapungua, akaliweka gazeti chini, akamshika mkono, akamwambia, "Mama, nipo." Marehemu alimtazama, akaviminya vidole vyake mara moja, akatulia.

Ameacha watoto wanne, wakwe watatu na wajukuu tisa. Dada yake mkubwa na mdogo wake wa kiume. Shemeji zake, wapwa na watoto wa ndugu zake wengi. Kimya, ambaye watoto humwita mama mdogo. Mzee wa Pasi, aliyeletwa leo kwa kiti cha magurudumu akiwa na miaka tisini na mmoja. Na wafanyakazi wa idara ya kufulia, wa upande wa kwanza na wa pili, ambao leo wamesimama mchanganyiko.

Mwenyezi Mungu ampokee mtumishi wake, amsamehe aliyokosea kama alivyoyakiri, na ampe usingizi wenye amani tele. Amina.